Kigae kikihamishwa, habari hupotea: Jinsi wanaakiolojia wanavyoisoma ardhi yetu

Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha asubuhi, msikilizaji mmoja alipiga simu. Alisema mvua zimechimba korongo pembeni mwa shamba lake, na ndani yake amekuta vigae vingi vya vyungu vya zamani. Amevikusanya vyote, akavitia kwenye kiroba na kukihifadhi stoo. Swali lake lilikuwa moja: avipeleke wapi?

Tulimshukuru kwa kutovitupa. Lakini swali la kwanza ambalo mwanaakiolojia angemuuliza ni hili: kila kigae kilikuwa wapi? Kilikuwa karibu na nini? Kilikuwa juu, au chini ya udongo wa rangi nyingine? Majibu ya maswali hayo yalikuwa kwenye korongo. Ndani ya kiroba yamebaki vigae tu.

Makala haya yanaeleza kwa nini mahali kitu kilipolala ni muhimu kama kitu chenyewe, wataalamu wanapasomaje, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaolima, tunaochunga na tunaojenga juu ya ardhi hiyo hiyo.

Mfano wa boma lililohamwa

Fikiria umeingia kwenye boma ambalo wenyewe wamehama mwezi uliopita. Hakuna mtu wa kumuuliza. Unaona mafiga matatu na majivu, unajua hapa palipikwa. Upande wa pili kuna samadi nyingi, unajua hapo palikuwa na zizi. Jiwe la kusagia liko kivulini karibu na mlango. Nyuma ya nyumba kuna jalala lenye mifupa na magunzi. Kabla jua halijapanda utakuwa umejua familia ilikuwa kubwa au ndogo, ilikula nini, na ilikuwa na mifugo au la.

Sasa aje mtu akusanye mafiga, majivu, jiwe la kusagia, mifupa na magunzi, aviweke lundo moja katikati ya uwanja. Hakuna kilichoibwa, vitu vyote vipo. Lakini huwezi tena kusema nani alifanya nini na wapi.

Ndiyo maana wanaakiolojia huchimba polepole kiasi cha kumchosha mtazamaji. Hupiga vigingi na kuvuta kamba, eneo likagawanyika kuwa miraba, mara nyingi ya mita moja kwa moja. Huondoa udongo kwa mwiko na brashi, tabaka kwa tabaka, kwa sababu kilicho chini kwa kawaida ni cha zamani kuliko kilicho juu. Kila kinachoonekana hupimwa: kiko umbali gani kutoka kwenye kigingi, na kina gani kwenda chini. Udongo hupitishwa kwenye chekeche ili hata ushanga mdogo usipotee, na kila mfuko huandikwa mraba na tabaka ulikotoka.

Hiyo ni kazi ya ndani ya eneo moja. Ipo kazi nyingine ya kutazama nchi pana inayolizunguka. Hapo watu hujipanga mstari, wakiachiana mita chache, wakatembea mashambani na vichakani huku wakiandika kila kigae na kila jiwe lililochongwa, pamoja na namba za mahali kutoka kwenye GPS. Siku hizi huongezea picha za setelaiti na za droni. Baadaye yote huwekwa kwenye ramani moja. Hapo ndipo maswali makubwa huulizwa: vijiji vilikuwa mbali kiasi gani na maji? Kwa nini mahali hapa pana nyumba na pale hapana? Kipi kinakaa karibu na kipi?

Engaruka: kusoma shamba la miaka 500

Mfano mzuri wa kusoma nchi pana uko Engaruka, wilayani Monduli, mkoani Arusha, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa na nyanda za juu za Ngorongoro. Ni mahali pakavu. Lakini kwa takriban kilomita za mraba 20, sawa na ekari 5,000 hivi, ardhi imejaa kuta fupi za mawe, mashamba yaliyosawazishwa na mifereji iliyopangwa kwa mawe bila saruji. Mifereji hiyo ilileta maji ya mito inayoshuka kutoka milimani. Wakulima waliishi hapo takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, na mabaki ya mtama yaliyopatikana yanaonyesha mojawapo ya mazao yao.

Angalia kwanza mahali walipojenga nyumba. Vijiji saba vilikaa kwenye miteremko ya chini ya mlima, juu ya mashamba, kwenye vipenu vilivyochongwa na kuzuiwa kwa mawe. Ardhi tambarare ambayo maji yangeweza kuifikia iliachiwa kilimo. Hakuna maandishi yaliyoachwa na watu hao kutueleza mpango wao. Tunaujua kwa sababu mawe bado yako pale walipoyaweka.

Mwaka 1935 mtafiti Louis Leakey alifika Engaruka. Alipoona wingi wa misingi ya nyumba, alikadiria kwamba mji huo ulikuwa na zaidi ya watu 30,000. Ukihesabu nyumba zote na kudhani zote zilikaliwa kwa wakati mmoja, utapata namba kubwa kama hiyo. Watafiti waliofuata, akiwemo Hamo Sassoon miaka ya 1960 na baadaye John Sutton, walipunguza sana makadirio hayo.

Miaka ya 2000, mtafiti Daryl Stump aliuliza swali ambalo fundi yeyote wa mawe angeliuliza: ukuta upi ulitangulia? Ukuta unapoegemea mwingine bila mawe yake kuingiliana, ule unaoegemea ndio uliojengwa baadaye. Kwa kufuata maungio ya namna hiyo, na kuchimba chini ya mashamba, ilionekana kwamba Engaruka haikujengwa kwa mkupuo. Ilikua hatua kwa hatua. Sehemu fulani zilitumika wakati nyingine bado hazijajengwa, au zimekwisha kuachwa.

Lilionekana jambo jingine ambalo mkulima wa leo atalipenda. Katika baadhi ya sehemu wakulima wale walijenga kuta za mawe kuzuia maji yaliyobeba tope. Tope lilituama nyuma ya ukuta. Lilipojaa, waliongeza mawe, likajaa tena. Udongo uliochukuliwa na mmomonyoko kule juu uligeuzwa kuwa shamba huku chini. Waliyatumia makorongo kutengeneza ardhi.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu bado wanajadiliana. Wapo wanaotaja kupungua kwa maji, wapo wanaotaja uchovu wa ardhi, na wapo wanaotaja mabadiliko ya watu na mifugo katika eneo hilo. Ushahidi wa kuamua mjadala huo umo kwenye mpangilio wa mifereji, kuta na tabaka za udongo. Lori moja la mawe likichotwa kwenda kujenga msingi wa nyumba linaweza kuondoka na maungio ambayo hakuna aliyekwisha kuyasoma.

Songo Mnara: kusoma uwanja unaoonekana mtupu

Tutoke mashambani, twende mjini. Kusini, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, kuna kisiwa cha Songo Mnara. Hapo pana magofu ya mji wa Waswahili uliokaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Pamoja na Kilwa Kisiwani, mji huo uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Uliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ukaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Kwa muda mrefu macho ya watu yalikuwa kwenye majengo ya mawe: misikiti, makaburi na nyumba kubwa. Nafasi zilizo kati ya majengo zilionekana kuwa uwanja mtupu. Kuanzia mwaka 2009 watafiti Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, waliamua kuuchunguza huo utupu.

Kwanza walipitisha juu ya ardhi kifaa kinachopima sumaku. Udongo uliowahi kuungua na mahali penye chuma huonyesha tofauti, hata kama juu pana nyasi tu. Kisha walichukua udongo kidogo kutoka sehemu nyingi zilizopangwa kwa vipimo, ukapelekwa maabara. Jiko, jalala na mahali pa kufugia huacha kemikali tofauti kwenye udongo. Mimea nayo, ikishaoza, huacha chembe ndogo sana zisizooza, ambazo huonekana kwa hadubini.

Matokeo yalibadilisha picha ya mji. Sehemu ya uwanja uliodhaniwa mtupu ilikuwa na nyumba za miti na udongo. Watu hao hawakuonekana kwa sababu nyumba zao hazikuacha kuta. Sehemu nyingine ziliachwa wazi kwa makusudi, na humo mlikuwa na makaburi. Kuyazunguka baadhi ya makaburi kulikutwa sarafu na vijiwe vyeupe, dalili kwamba watu waliendelea kuja kuwakumbuka marehemu wao. Ndani ya nyumba za mawe nako, vyumba vilitofautiana kwa vilivyomo. Vile vipande vya mviringo vyenye tundu, vinavyotumika kusokotea uzi wa pamba, vilionyesha kwamba kazi ya uzi ilifanyika humo humo nyumbani.

Sarafu moja ya shaba ikiwa mkononi mwa mtu sokoni ni sarafu tu. Sarafu hiyo hiyo ikikutwa kando ya kaburi, chini ya mchanga ambao haujavurugwa, inaeleza jinsi watu walivyoomboleza miaka zaidi ya 500 iliyopita. Tofauti yote ni mahali.

Zizi la miaka elfu tatu

Wafugaji nao wana habari zao ardhini. Mwaka 2018 watafiti walichapisha utafiti kuhusu maeneo matano ya wafugaji wa kale kusini-magharibi mwa Kenya, upande wa Narok. Maeneo hayo yana umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Kutoka angani yanaonekana kama madoa ya nyasi nzuri katikati ya mbuga. Walipochimba, walikuta tabaka la samadi ya kale, na udongo wake bado una rutuba kuliko wa jirani. Wafugaji waliolaza mifugo yao pale waliacha rutuba ambayo hata wanyamapori waliendelea kuifuata.

Mfugaji anayesoma makala haya hatashangaa. Anajua mahame yalipo kwa kuangalia nyasi. Alichofanya mwanaakiolojia ni kupima jambo hilo, kuliwekea umri na kuonyesha kwamba linadumu kwa maelfu ya miaka. Hapa mchungaji wa ng'ombe ana maarifa ambayo mtafiti kutoka chuo kikuu anayahitaji.

Si kila duara ni nyumba

Lazima pia tuseme ukweli kwamba ardhi hudanganya. Maji husomba vitu na kuvipanga upya. Mchwa, panya na mizizi hupandisha vya chini na kushusha vya juu. Jembe la trekta huburuta kigae mbali na kilipokuwa.

Katika Bonde la Olduvai, kwenye sehemu inayoitwa DK, Mary Leakey alikuta mawe yaliyokaa kwa duara katika tabaka la takriban miaka milioni 1.8. Yeye aliona huenda ni msingi wa kibanda au kizuizi cha upepo. Kama ni hivyo, hilo lingekuwa moja ya majengo ya kale kabisa duniani. Wengine walipinga, wakasema mizizi ya mti inaweza kupasua mwamba na kuacha mawe yamekaa vivyo hivyo. Ubishi huo unawezekana kwa sababu Mary Leakey alichora ramani ya kila jiwe na kila mfupa mahali pake. Angekusanya mawe tu, leo pasingekuwa na cha kubishania wala cha kusahihisha.

Nani anaivuruga ardhi?

Sasa turudi kwenye hali ya leo. Katika mikoa mingi wapo watu wanaochimba usiku kutafuta zile zinazoitwa mali za Mjerumani. Huongozwa na ramani za kuuziwa, au na alama iliyochongwa kwenye jiwe. Wengi huishia na mashimo na madeni. Wajerumani walitawala hapa kuanzia mwaka 1885 hadi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, yaani miongo mitatu tu. Lakini shimo la mita mbili linaweza kukata tabaka za miaka elfu moja. Anayetafuta sanduku la Mjerumani anaharibu makao ya mababu zake mwenyewe.

Wa pili ni sisi wote, bila nia mbaya. Mawe ya gofu ni mazuri kwa msingi wa nyumba. Njia ya ng'ombe hupita juu ya ukuta. Shamba linapanuliwa.

Wa tatu ni miradi mikubwa. Hapo hapo katika bonde la Engaruka, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) limekuwa likiandaa mradi wa magadi soda. Hatusemi mradi huo umeharibu magofu. Tunasema kwamba mradi wa aina yoyote, uwe wa madini, bomba au barabara, huja na njia za malori, kambi na mabomba ya maji, na kila kimoja kinahitaji ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Kwenye mikutano hiyo wanakijiji huuliza kuhusu fidia na ajira, na ni haki yao. Waulize pia: eneo hili limekaguliwa mambo ya kale? Na ramani ya ukaguzi huo iko wapi?

Hofu ya kupoteza shamba

Kuna sababu nyingine inayofanya watu wanyamaze, na wasikilizaji wameitaja mara nyingi. Mtu anaogopa kwamba akitoa taarifa, Serikali itakuja kuweka bikoni, na shamba litakwenda.

Hofu hiyo haifai kubezwa. Mkulima mwenye ekari mbili hana pa kwenda. Lakini ukweli ni kwamba maeneo mengi yenye vigae hayahitaji kufungwa. Mara nyingi kinachohitajika ni kuandikwa: mahali, kina, picha, na vipimo vya vitu vilivyoonekana. Baada ya hapo kilimo kinaweza kuendelea. Ni wajibu wa maofisa wa mambo ya kale na halmashauri kuwaeleza wananchi mapema, kwa lugha rahisi, nini kitafuata baada ya taarifa. Wasipofanya hivyo, vigae vitaendelea kuishia kwenye kiroba au mtoni, na sheria itabaki kwenye makaratasi.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Inakataza kuchimba kutafuta vitu hivyo bila kibali, na inamtaka anayekuta kitu cha kale atoe taarifa.

Ukikuta kitu cha kale, fanya hivi

Usikiondoe. Kama ni lazima uendelee na kazi, hamia sehemu nyingine ya shamba kwa muda.

Piga picha kwa simu yako. Ya kwanza iwe ya karibu, ukiweka kiberiti au kalamu kando ili ukubwa uonekane. Ya pili iwe ya mbali, ionyeshe mti, nyumba au kilima kilicho karibu.

Kama simu yako inaonyesha mahali ulipo, hifadhi alama hiyo. Kama haionyeshi, hesabu hatua kutoka kwenye kitu kisichohama, kama mbuyu au daraja, na uandike.

Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na uombe taarifa ifikishwe Idara ya Mambo ya Kale. Usirushe picha na mahali kwenye makundi ya WhatsApp, maana wachimbaji wa usiku nao wana simu.

Na kama umekwisha kukusanya, kama yule msikilizaji wetu, usikate tamaa. Andika sasa, kabla hujasahau, vilitoka upande gani wa korongo na ulivikuta lini. Usivioshe, na usivichanganye na vingine.

Tulimpigia simu tena yule bwana wa korongo, tukamuuliza swali moja: kwenye kingo za korongo, upande ambao haujaporomoka, bado kuna vigae vinavyochungulia? Alikwenda kuangalia, akasema vipo, vimejipanga kwenye mstari mmoja wa udongo mweusi, kama urefu wa mkono kutoka juu. Hivyo hajavigusa. Tumemwomba asiviguse, na avipige picha kabla ya mvua nyingine kunyesha.